Enjini Imenoki Langoni kwa Baba Mkwe

Leo uso wangu umebaki Murang'a. Mwili ndio unarudi Nyeri.

Naandika huku barabara ikinirusharusha, kwa hivyo mkiona makosa, vumilieni. Leo ilikuwa siku yangu ya kupeleka ruracio, mahari, kwa kina Wambui, mchumba wangu. Wengi wenu mlinitakia heri hapa hapa asubuhi. Hiyo heri sijui iliteremkia kituo gani, kwangu haikufika!

Kwanza mumjue babake Wambui. Mzee ameendesha malori maisha yake yote mpaka akastaafu. Hajali kijana amesoma wapi wala anasali wapi. Siku ya kwanza kukutana aliniuliza jambo moja tu.

"Ati uko na gari?"

"Niko nayo, Mzee." (Nilijibu mkono mmoja mfukoni. Siku hiyo nilijiona.)

"Basi siku ya ruracio uje nayo. Mimi mtu namjua kwa vile anachunga gari. Akishindwa na gari, msichana wangu atamweza?"

Mambo yangekuwa sawa kama gari lisingeanza kutoa moshi mweupe juzi. Nikalipeleka kwa Karis, fundi wangu pale Skuta. Akafungua boneti, akachungulia kwenye rejeta, akanusa, akanitazama kwa huruma. Fundi akikutazama kwa huruma, shika mfuko.

"Ndirangu, gasketi imechomeka. Na hii enjini iko karibu kunoki, ife kabisa. Hii ni ya kutoa, uweke ingine."

Akanitaja bei. Nikakaa juu ya tairi lililokuwa hapo chini. Jamani! Kwa bei ile mtu ananunua ng'ombe wa maziwa na ndama wake, na anabaki na za kujenga zizi! Nilimwomba arudie, nikidhani amekosea. Akarudia. Ilikuwa ile ile.

"Fanya tu inifikishe Murang'a," nikamsihi. "Mengine tutaongea nikishakuwa na bibi."

Karis akafungafunga siku nzima. Jana jioni akanipa ufunguo pamoja na masharti, utadhani ni mganga. "Itakufikisha. Lakini usiizime, sababu ikizimika ikiwa moto haiwaki tena. Na usisimame nayo, sababu ikisimama inachemka."

"Nisizime na nisisimame? Sasa nitafikaje?"

"Fika mbio," akasema, akirudi chini ya gari la mtu mwingine. "Na uwashe hita mpaka mwisho. Hiyo inatoa joto kwa enjini."

Leo asubuhi tukatoka Nyeri, msafara wa kueleweka. Mimi mbele na gari langu limefungwa leso kwenye vioo. Nyuma yangu basi dogo la kanisa limemchukua mama yangu na akina mama waimbaji. Mwisho kabisa pikapu ya jirani na mbuzi. Ndani ya gari langu nilibeba watu wawili wazito. Mmoja ni shangazi yangu wa Kiganjo, Tata Wangechi, kiongozi wa nyimbo. Huyu mama akianza kuimba kwenye sherehe, wapishi wanaondoa sufuria motoni kwanza, maana wanajua chakula hakitapakuliwa leo wala kesho. Mwingine ni baba mdogo Wachira, mzungumzaji wetu. Kazi yake ni kuongea na wazee wa upande ule kwa niaba yetu. Sisi wengine kazi yetu ni kunyamaza.

Hita nikaiwasha mpaka mwisho. Huko Nyeri na baridi yake, walinisifu. Karatina wakavua makoti. Kufika Sagana, ambako jua halina utani, Tata alikuwa anajipepea kwa kibeti.

"Ndirangu, unatupika?"

"Ni ya kuzuia baridi, Tata."

"Baridi ya Sagana?"

Macho yangu yalikuwa kwenye mshale wa joto. Sijawahi kumtazama binadamu yeyote kwa mapenzi kama nilivyoutazama ule mshale leo. (Wambui, ukisoma hapa, ruka.)

Baba mdogo naye alikuwa amemaliza chupa nzima ya chai kabla tuondoke, kulainisha koo la kuongea. Tulipovuka Sagana akaniomba nisimame kidogo aingie kichakani.

"Hapo mbele, baba mdogo. Kuna mahali pazuri."

Tukapita mahali pazuri. Tukapita pengine pazuri zaidi. Kila akiona kichaka, anakinyooshea kidole. Kila akinyoosha, mimi nakanyaga mafuta. Mwishowe akakunja miguu, akaanza kuomba kwa sauti ya chini. Nami nilikuwa naomba. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa anaomba breki, mimi naomba zisihitajike.

Tukaupanda mlima wa mwisho gari likikohoa, tukafika kwa kina Wambui. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Nimefika! Enjini inanguruma! Nikaona kwa mbali babake Wambui amesimama barazani, kofia kichwani, amegeuza sikio upande wangu. Mzee alikuwa anasikiliza enjini!

Halafu nikaona lango. Limefungwa.

Ndugu zangu, mimi ni Mkikuyu wa kuzaliwa. Nimekwenda ruracio za watu tangu utotoni. Najua kabisa kwamba wageni hawafunguliwi hivi hivi. Akina mama wa nje wanaimba, wa ndani wanajibu, wanaulizana mmetoka wapi, mmeleta nini, mpaka wa ndani waridhike. Nilikumbuka leso, nilikumbuka mbuzi, nilikumbuka hata kiberiti cha wapishi. Hili la lango halikunijia akilini hata mara moja mpaka niliposimama mbele yake na gari lisilotakiwa kusimama!

Tata akashuka. Akina mama wakateremka kwenye basi, wakajipanga. Tata akakohoa kidogo, akajifunga leso vizuri. Hapo nikautazama mshale.

Wakaimba kwamba ni wageni wametoka Nyeri. Wa ndani wakaimba kwamba Nyeri hawaijui. Tata akaimba kuwaelekeza Nyeri iliko. Akaanza na mlima. Akaendelea na mito. Mshale ukapanda. Nikateremsha kioo.

"Tata! Fupisha!"

Akanipungia mkono, akidhani ninamshangilia. Akaongeza beti.

Kwenye kiti cha nyuma baba mdogo, mzungumzaji asiyeweza kuonekana na wakwe akikimbilia kichakani, alikuwa ameshika mlango kwa mikono yote miwili. "Wafungue," alikuwa ananong'ona. "Kwa jina la Bwana, wafungue." Mshale ukafika kwenye nyekundu. Enjini ikaanza kugonga, ngo, ngo, ngo. Nikaona Mzee barazani ameinua kichwa.

Basi nikapoteza akili. Nikapiga honi.

Nyimbo zikakatika. Mama mmoja mnene wa upande wa ndani akasogea mpaka kwenye vyuma vya lango, mikono kiunoni.

"Nani amepiga honi kwa geti ya wenyewe?"

Tata akageuka, akanitazama. Siwezi kuwaelezea hayo macho.

"Faini," akasema yule mama. "Mbuzi moja. Na muanze wimbo tena, kutoka mwanzo."

Kutoka mwanzo! Nilishtuka hadi nikaachilia kanyagio la mafuta kidogo. Nikarudi kulikanyaga kwa nguvu, isije ikazima. Pengine hapo ndipo nilipoimaliza. Tata alikuwa ndiyo kwanza amefika tena mlimani wakati enjini ilipopiga mshindo mmoja mkubwa, TAA! Boneti ikaruka, ikarudi. Mvuke ukatoka pande zote, ukawafunika akina mama na shali zao nyeupe, sikumwona hata mmoja. Oili nyeusi ikamwagika kwenye lango, pale pale walipokuwa wamefagia na kunyunyizia maji kwa ajili ya wageni. Kisha kimya. Gari limekufa. Mbele ya ukoo mzima. Limefungwa leso.

Akina mama wa ndani walidhani tunalipuka, wakafungua lango watoke kutuokoa. Lilipofunguka tu, baba mdogo Wachira, mzungumzaji wetu, mtu mzima mwenye koti na bakora, akatoka kwenye gari na kupita katikati yao mbio. Neno lake la kwanza kwa wakwe, lile ambalo alilifanyia mazoezi wiki nzima, lilikuwa, "Choo iko wapi?"

Nilibaki nimeshika usukani. Babake Wambui akaja polepole, akainua boneti kwa kitambaa, akaangalia. Hakunisalimia.

"Hii imenoki."

"Ndio, Baba."

"Umeiendesha hivi kutoka Nyeri?"

"Ndio, Baba."

Akapitisha mkono dirishani, akasikia joto la hita. Akanitazama nilivyolowa jasho. Akaufuta mkono kwa kile kitambaa. Nikajua mambo yameisha. Wambui nimemkosa. Mtu aliyeshindwa na gari!

Na hapo ndipo Tata, kwa kunipenda, alipoamua kuniokoa. Alijitokeza kwenye mvuke, wigi limekaa upande, akaweka bega lake nyuma ya gari langu, akaanzisha wimbo mpya. Aliuimba kwa Kikuyu, nawatafsiria. "Hatukuja mikono mitupu! Hata gari tumewaletea! Haliingii kwa moto wa enjini, linaingia kwa mikono ya heshima!"

Jamani, ulikuwa wimbo mtamu. Akina mama wetu wakaitikia, wakasukuma. Wa ndani nao wakasukuma. Vigelegele vikapaa. Mimi mwenyewe nilikuwa ninaupigia makofi usukani! (Ndiyo. Nilishangilia. Kuna video.) Gari likaingia mpaka katikati ya boma, na aibu yangu ikageuka sherehe. Nikasema moyoni, Tata huyu nitamnunulia shali mpya.

Tukaketi. Wasichana wakaletwa wamefunikwa leso kichwa hadi miguu ili nimchague Wambui, na nikikosea ni faini nyingine. Sikupata taabu. Mmoja mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Nikamshika mkono huyo. Alikuwa ndiye, na alicheka mpaka leso ikaanguka.

Kisha mzee wa upande wao akasimama kutaja walichopokea. "Tunawashukuru. Tumepokea mbuzi, pamoja na ile ya honi. Tumepokea blanketi. Tumepokea asali." Akanigeukia. "Na tumepokea gari."

Baba mdogo alikuwa ndiyo kwanza anarudi, uso umetulia, anafunga vifungo vya koti.

"Gari gani?" akauliza.

"Hii mmeimba kwa geti."

"Hatujaleta gari. Hii ni ya kijana."

"Wachira," mzee akamwambia kwa upole, "wewe ulikuwa wapi wakati ilikuwa inaimbwa?"

Baba mdogo akaangalia upande wa choo. Akakaa. Na sisi wote pale tunajua desturi. Kilichoimbwa langoni kikapigiwa vigelegele kimeshatolewa. Huwezi kurudi langoni kukiimba nyuma! Nikamgeukia Tata. Tata alikuwa anaangalia viatu vyake, ameviona vizuri sana leo. Gari langu! Nimelilipia miaka, nimeliosha kila Jumamosi, na limeondoka katika ubeti mmoja!

Babake Wambui akasimama. "Mimi niseme kidogo. Nilitaka kujua huyu kijana anachunga gari namna gani. Nimeona haichungi." Watu wakacheka. Mimi nikatamani ardhi inipokee pamoja na ile oili. "Lakini mtu anatoa enjini imekufa Nyeri, anafika nayo hapa bila kuzima, hita imewaka, kwa jua hii... huyo hawezi wacha msichana wangu kwa barabara. Mimi nimekubali."

Vigelegele! Mama yangu akalia. Mimi nikalia. Nikainuka kwenda kumshika Mzee mkono. Akaushika, akaukaza, akaniinamia sikioni.

"Lakini mimi ni dereva," akasema. "Siwezi pokea gari imekufa. Utaniwekea enjini. Na isiwe ya kuokota."

Sasa naandika nikiwa nyuma ya pikapu, pale walipokuwa mbuzi asubuhi, na bado pananuka mbuzi. Wambui ameniandikia kwamba babake ameshalifunika gari kwa turubai na anawakataza watoto kuligusa. Tata yuko mbele na dereva, anaimba. Mchumba nimepewa, gari nimenyang'anywa, na kesho asubuhi niko kwa Karis kutafuta enjini ya gari la baba mkwe wangu.

Naomba asicheke mtu. Atakayecheka, achange.