Maji ya Kisiwa Panza ni Yangu

8 Septemba, Jumatatu

Leo naanza daftari hili. Mtu mkubwa lazima aache maandishi. Mie Silima Nyange, Mwenyekiti wa Jumuiya ya Bamvua, hapa Madungu, Chake Chake. Wengine wana vyeo viwili vitatu. Mie ninacho kimoja, lakini kinajaa mlango.

Kwa atakayesoma nikishakufa: Bamvua ni programu ya simu. Inamwambia mvuvi na mchokoa pweza maji yanajaa saa ngapi, yanakupwa saa ngapi. Ni programu huria. Yaani yeyote anaichukua bure, anaifungua ndani, anaitengeneza anavyotaka, anampa mwenziwe. Mie niliona wazimu tangu siku ya kwanza. Lakini vijana walijua kuandika, hawakuwa na mtu mzima wa kukaa mbele ya wageni. Nikakaa. Mwaka wa nne huu nimekaa. Kwa kukaa hajanishinda mtu.

Leo Bi Rumaitha kaniletea barua. Huyu ndiye katibu wetu, mwalimu mstaafu wa hesabu. Kanisomea mwenyewe, polepole, kama nimo darasani kwake. Ati Jumapili mkutano mkuu, uchaguzi. Ati kwa katiba mpya, anayegombea lazima jina lake liwemo katika orodha ya wachangiaji, yaani watu waliotengeneza kitu ndani ya programu, hata kidogo, hata kusahihisha nukta. Mwisho Jumamosi magharibi.

Nikamuuliza mpumbavu gani kapitisha hayo. Akafunua ukurasa wa mwisho. Saini yangu! Nzuri, ina mkia. Nikamwambia kusoma ni kazi ya katibu, ya mwenyekiti ni kusaini. Akasema naam, Mwenyekiti, na mie nilisoma.

Anakitaka kiti changu. Hakipati.

9 Septemba, Jumanne

Siku ya ushindi, karibu.

Nimekwenda ofisini mapema. Asya, binti anayeongoza waandishi wa programu, alikuwa kwenye kompyuta yake. Nikakaa nyuma yake kama mtu anayesinzia. Adhuhuri akaenda kusali, kaiacha wazi. Mie nikasema nitasali nyumbani, nikijua mpango wangu.

Nikatafuta jina la kufuta, niweke langu. Sikuiona orodha. Nikaona mahali pamejaa tarakimu tupu, nikasema mmoja ukitoka hapa hajui mtu. Nikafuta mstari mmoja. Nikaandika SILIMA kwa kidole kimoja. Nikabonyeza kila palipobonyezeka.

Asya hajarudi, simu yake ikaanza kulia. Ikalia na ya Abdulnasir, mwenziwe, pale mezani. Akaja akaisoma: ati kuna bwana mmoja wa Brazili, naye huandika programu hii, anauliza Silima ni nini. Ati wachokoa pweza wilaya nzima ya Mkoani wanasoma kwenye simu zao kwamba maji leo yanakupwa saa SILIMA.

Asya akarudi, akabonyeza mara mbili tu, yote yakarudi kama yalivyokuwa. Kumbe programu hii haisahau! Kila kilichoguswa kimeandikwa: siku, saa, dakika, kwa kompyuta ya nani. Hata marehemu mke wangu hakuwa na kumbukumbu hiyo, na alikumbuka mengi.

Nikasema labda paka. Abdulnasir akaniuliza, kwa adabu, babu, paka gani yule anaandika herufi kubwa.

Hata hivyo, jina langu limesomwa Brazili. Bi Rumaitha halijasomwa lake hata Wete.

10 Septemba, Jumatano

Mpango wa pili, mkali zaidi. Kama simo katika orodha, basi pasiwe na orodha.

Ofisini kwetu pembeni ya mlango kuna kompyuta kubwa, sanduku zito, tumelifunika kitambaa cha kudarizi. Mie najua programu imo mle. Kitu cha maana ndicho hufunikwa. Leo alfajiri nimelichukua. Nimelitia gunia la karafuu, nimelibeba mwenyewe mpaka kwangu, mgongo karibu unikatike. Jirani akaniuliza nina nini humo. Nikamwambia nina jumuiya. Nimeliweka chini ya kitanda.

Saa nne nikaenda ofisini kuwatazama wanavyolia. Hawalii! Wanafanya kazi, wanakunywa chai na mkate wa ajemi. Nikauliza mko salama, hakuna kilichopotea? Asya akasema tuko salama, ila mlango unapiga piga na upepo, sanduku bovu walilokuwa wakiuzuilia halionekani.

Bovu! Ati limekufa tangu masika ya mwaka juzi. Ati programu yenyewe haikai mahali pamoja. Anayo Asya, anayo Abdulnasir, anayo yule bwana wa Brazili, anayo kila aliyeitaka, nzima nzima, hapungukiwi mtu.

Usiku nimelala juu ya kitu ambacho dunia nzima inacho. Sikupata usingizi. Gunia linanuka karafuu.

11 Septemba, Alhamisi

Nimeona nifanye siasa.

Nimekwenda Kisiwa Panza kwa dada yangu Mwanamize. Yeye na wenziwe huchokoa pweza, sauti zao zinasikika ng'ambo. Nataka aje Jumapili na watu ishirini wanipigie makofi mpaka Bi Rumaitha aone haya, aseme katiba basi.

Mwanamize kakubali kuja. Watu ishirini hakuahidi. Nilipoaga akaniambia nitoke upesi, maji yanakupwa. Nikamtolea simu. Nikamwonyesha Bamvua: maji yanatosha mpaka saa nne. Akacheka. Ati kitu chenu hicho hapa kwetu kinasema uongo. Ati mkondo wetu hutangulia kukauka, hapa hakitumii mtu hata mmoja. Nikamwambia mwenyekiti hafundishwi maji na mchokoa pweza. Nikaongeza kikombe cha kahawa.

Saa tatu na dakika kumi mashua imekaa kwenye tope kama kuku juu ya mayai. Chokocho, bandari ya ng'ambo, naiona ile pale, watu wamesimama pwani wananitazama. Mwenye mashua kasema tungoje maji ya jioni, au babu ashuke. Nikashuka. Kanzu nyeupe, ya maulidi! Tope mpaka kiunoni. Kiatu kimoja kimebaki huko, Mwenyezi Mungu anajua. Nyuma yangu namsikia Mwanamize anauliza kwa sauti kubwa, kaka, saa nne bado?

Bi Rumaitha ndiye aliyepiga hesabu zile. Sasa nimempata.

12 Septemba, Ijumaa

Baada ya sala nimeandika barua ya kumwangusha. Mkono wangu mwenyewe, herufi kubwa zote ili wasikie vizuri. Imenichukua mpaka alasiri. Nainakili hapa kwa historia:

BI RUMAITHA HESABU ZAKO MBOVU. KISIWA PANZA MAJI HAYANGOJI SAA NNE. JANA ALHAMISI SAA TATU NA DAKIKA KUMI MKONDO MKAVU NIMO NDANI YAKE. MKONDO WA PANZA HUTANGULIA KUKAUKA KILA MTU KULE ANAJUA. UMENIPOTEZEA KIATU. JIUZULU. MWENYEKITI S. NYANGE.

Saini, na mkia mrefu kuliko kawaida. Nimeibandika mlangoni pa ofisi kwa ugali. Bi Rumaitha akaja akaisoma yote. Kisha akaisoma tena. Kisha akaipiga picha na simu.

Kaingia ndani mbio, simu mkononi. Nimemmaliza.

13 Septemba, Jumamosi

Wametetemeka!

Abdulnasir alikwenda Chokocho na ufito alioutia alama, kasimama mkondoni kupima maji yakitoka. Karudi na tope hadi magotini, anacheka. Kweli tupu, kasema. Ati tangu programu ianze, Panza wamekuwa wakipewa saa za maji ya bandari ya Mkoani, na mkondo wao hutangulia karibu saa nzima. Asya kasahihisha hapo hapo. Bwana wa Brazili kaandika kusema safi sana.

Halafu hili. Kabla ya magharibi, Bi Rumaitha mwenyewe kaifungua orodha, kaandika kwa mkono wake, mie nimesimama nyuma: Silima Nyange, aliyegundua kosa la maji ya Kisiwa Panza.

Nimo! Nikamwuliza kwa nini anajikata mwenyewe. Akasema kosa la hesabu lilikuwa lake kweli, na aliyelionyesha ni mie, basi limekwisha. Ujanja huo. Ananiogopa.

Kesho nachaguliwa. Nimefua kanzu mara tatu, tope la Panza halitoki. Nitavaa koti juu.

14 Septemba, Jumapili

Mkutano. Watu wamejaa mpaka nje ya ukumbi. Mwanamize kaja na wenziwe wanane, miguu mikavu, wanasema wameamini saa ya kwenye simu na safari hii haikuwadanganya. Nikawaambia ni saa yangu hiyo.

Wagombea wawili, mie na Asya. Bi Rumaitha hakugombea! Kaulizwa, kasema yeye kiti hakitaki hata akipewa pamoja na mto. Moyo wangu ukakaa. Asya ni binti, hana koti.

Likaja swali moja, la katiba ile ile, kila mgombea anaulizwa: unaridhia mchango wako uchukuliwe na yeyote, ubadilishwe na yeyote, bila kukuomba ruhusa? Asya akasema naridhia, akakaa. Zamu yangu. Nilikuwa niseme neno moja tu, wallahi. Lakini watu wamenyamaza wananitazama, na watu wakininyamazia mie siwezi kuwaacha hivi hivi.

Nikasema naridhia, lakini. Nikasema maji ya Panza niliyatolea kiatu. Nikasema anayetaka kuyatumia apige hodi kwangu kwanza. Brazili waandike barua. Asiyabadilishe mtu hata dakika. Na watu wa Unguja wasiyatumie kabisa, wana maji yao.

Bi Rumaitha akaniuliza mara ya pili, taratibu, Mwenyekiti, una hakika? Akainamia sikio langu akaniambia baba, sema naridhia, ukae. Nikajua ananitega. Nikasema nina hakika.

Akavua miwani. Akasema basi kwa masharti hayo mchango huo haumo, tunautoa. Hapo Mwanamize akasimama nyuma kabisa. Kasema maji yale si ya kaka yake, wachokoa pweza wa Panza wanayajua tangu bibi zao, na wao wanaridhia, wachukue wote, na Unguja wachukue, na wakihitaji ya Kiuyu yuko shangazi yao kule wamuulize. Makofi! Ukumbi mzima! Makofi niliyoyaomba mie!

Orodha sasa inasomeka: Mwanamize na wachokoa pweza wa Kisiwa Panza. Kwa kuwa mie simo, Mwenyekiti ni Asya. Mie wamenipa cheti cha shukurani na mkate wa ajemi mmoja.

15 Septemba, Jumatatu

Nimeamka na nguvu.

Leo nimeanzisha Jumuiya ya Bamvua ya Kweli. Mwenyekiti ni mie. Ofisi, nyumbani kwangu. Vifaa vipo: sanduku moja kubwa, nimelifunika kitambaa. Wanachama watakuja, Panza wakishanililia.

Asya mwenyewe kanisaidia bila kujua. Nilimwuliza kama naweza kunakili katiba yao. Akasema bila shaka babu, ni huria, chukua yote, badilisha utakacho. Akanichapishia, kurasa kumi na nne, bado zina joto. Bi Rumaitha alikuwepo, akaniambia safari hii nisome kwanza. Anaona wivu.

Nimeichukua yote kama ilivyo, sikubadilisha kitu. Nimeketi barazani, nimefunua ukurasa wa mwisho, nimetia saini. Mkia umefika mpaka ukingoni mwa karatasi.

Kesho natafuta katibu wa kuisoma.