Utupu wa Mbaha

Jumatano, 9 Julai. Mbinga.

Ujumbe kutoka kwa Nathaniel, mhariri wa Dar es Salaam anayeandaa kitabu cha picha kuhusu maeneo mazuri ambayo watu hawayatembelei. Jalada la mbele litakuwa ufukwe wa Ziwa Nyasa. Anataka picha kufikia Jumatatu. Furaha! Kisha nikasoma mstari wa pili: amemwomba Sixbert naye ajaribu. Sixbert! Mpiga picha wa harusi, mwenye studio karibu na stendi, ambaye huniita Profesa mbele ya wateja na hushikilia kwamba picha isiyo na mtu ni sawa na harusi isiyo na bibi harusi.

Mama amezipokea habari hizi kwa utulivu usiopendeza. Alisema kwamba tangu niache ualimu amesikia mengi kuhusu kamera. Nikikaa mbele ya kitabu, atanyamaza. Nisipokaa, kahawa imeiva na tenga liko nyuma ya mlango. Nimekubali. Tasnifu yangu ya chuo kikuu ilihusu thamani ya utupu katika picha za mandhari. Sixbert ana droni. Mimi nina nadharia. Nadhani ninatangulia, ingawa sijalithibitisha hilo.

Alhamisi, 10 Julai. Mbaha.

Nimefikia kwa Mama Hilaria, ambaye hupangisha chumba na kutoa ushauri bila malipo. Ufukwe ni mweupe, umezingirwa na mawe makubwa, na maji ni ya buluu isiyohitaji kuhaririwa. Dosari ni moja: watu. Usipa, dagaa wa ziwa hili, umeanikwa kila mahali. Akina mama wanasugua masufuria. Nikiinua kamera, wote hukakamaa kana kwamba ni picha ya pasipoti.

Mvuvi mmoja, Evarist, alinisihi nisubiri kidogo tu, dada yangu. Alirudi na koti la suti, mke, na mama mkwe. Niliwapiga picha kwa muda mrefu bila kuondoa kifuniko cha lenzi. Si jambo la kujivunia. Lakini je, msanii anaweza kuwajibika kwa kila koti?

Ijumaa, 11 Julai.

Nimetumia njia rasmi. Nimemwona Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Othmar. Hapa wao ni Wanyasa na mimi ni Mmatengo, hivyo nilizungumza Kiswahili fasaha, pasipo kuacha nafasi ya utata. Nilimwamkia, kisha nikaeleza kwamba nilichofuata Mbaha ni utupu. Picha za utupu, ufukweni, Jumapili alfajiri, mwanga ukiwa laini.

Mzee Othmar alikohoa. Aliuliza iwapo mambo hayo yanaruhusiwa huko mjini. Nilimhakikishia kwamba Ulaya picha za namna hiyo hutundikwa ukutani, watu wakalipa kiingilio. Aliuliza, kwa tahadhari, kama ningehitaji watu wa hapa kijijini washiriki, maana wengine wamezeeka. Nikasema hapana, Mwenyekiti, simhitaji yeyote. Nitafanya peke yangu. Alitaka kujua kama mama yangu anafahamu. Nikajibu kwamba mama ndiye aliyenisukuma.

Mama Benadetha, kiongozi wa kikundi cha maombi, alijifunika uso kwa kanga. Nilihitimisha kwamba ameguswa na sanaa. Hitimisho hilo huenda ni la haraka, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Mwenyekiti aliahidi kwamba Jumapili hakuna mguu utakaokanyaga mchanga. Ushindi!

Jumamosi, 12 Julai.

Ukarimu wa watu hawa unanishangaza. Mama Hilaria amenipa kitenge. Baada ya chakula akanipa kingine. Akasema, mwanangu, asubuhi ziwa lina baridi, na mwili ukishapigwa baridi haujali kisomo. Mama Benadetha alikuja na wenzake wawili wakaniombea kwa sauti kubwa, wakitaja mara nyingi mavazi ya wokovu. Evarist aliniuliza, akiwa ametazama pembeni, kama kazi hiyo itachukua muda mrefu. Nilimwambia kwamba inategemea mwanga.

Mchana Sixbert akawasili na droni yake. Alizungumza na wavuvi kidogo, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi aliniuliza, Profesa, ni kweli? Nilimjibu kwa ubaridi kwamba ni kweli, na kwamba akae mbali na utupu wangu. Aliapa hatakanyaga mchanga. Nashuku wivu.

Jumapili, 13 Julai.

Alfajiri. Ufukwe mzima, hakuna mtu! Hakuna sufuria, hakuna usipa, hata kuku hakuna. Nilikaribia kulia.

Nilipiga picha. Mwanga ukapanda, nikahisi joto, nikavua koti. Kutoka upande wa mawe nikasikia kitu kama pumzi nyingi kwa pamoja. Upepo, nilifikiri. Nikavua viatu ili niingie majini kidogo. Upepo ukaguna. Nilipoinama kukunja suruali, upepo ukasema kwa sauti ya Mama Benadetha: Ee Bwana, mhurumie!

Hapo Mama Hilaria akachomoka kwenye mawe, akakimbia mchangani, akanizungushia kitenge pamoja na kamera, akifoka kwamba basi mwanangu, imetosha, watu wameshaona miguu, warudi makwao! Nikatazama juu. Mbaha nzima ilikuwa nyuma ya mawe. Vichwa vimepangana kama ndege wa ziwani. Evarist alikuwa amevaa suti.

Mama Hilaria alinieleza, njiani, kile ambacho neno lile huwaambia watu wasioandika tasnifu. Nilitaka kuzama. Mzee Othmar alikuwa mpole sana, ingawa nilihisi kwamba alikuwa na masikitiko zaidi kuliko hasira. Nimekagua picha zangu. Katika kila moja, juu ya kila jiwe, kuna kichwa.

Kitu kilikuwa kikivuma angani wakati wote huo. Sixbert hakukanyaga mchanga.

Jumanne, 15 Julai.

Jibu la Nathaniel limefika. Jalada la mbele ni la Sixbert: ufukwe kutoka juu, duara la watu kwenye mawe, na katikati wanawake wawili ndani ya kitenge kimoja. Mhariri anasema hajawahi kuona picha yenye upendo kiasi hicho.

Nilimpigia mama simu. Aliuliza: kwa hiyo mbele ya kitabu umekaa wewe mwenyewe, mzimamzima? Nikakiri. Akasema hayo ndiyo makubaliano, na kwamba atawaonyesha wenzake kanisani. Ila ningechana nywele. Tenga linaendelea kusubiri. Jalada la nyuma bado halina picha, na Nathaniel amesema naweza kujaribu tena.

Alhamisi, 17 Julai. Chiwanda.

Nimetafakari kwa kina. Kosa la Mbaha halikuwa nadharia, lilikuwa msamiati. Neno lenye maana mbili halifai kwa kazi rasmi. Nimepitia kamusi nzima na nimechagua neno safi, lisiloweza kumpotosha yeyote.

Asubuhi hii nilimwamkia Mwenyekiti wa hapa na kumweleza, polepole, mbele ya wazee wote, kwamba mimi ni mwanamke msomi niliyetoka Mbinga kwa sababu ya upweke.

Walinielewa mara moja! Mwenyekiti alinishika mkono kwa huruma, akasema pole sana, binti yangu, umefika mahali pake. Ana mdogo wake, Joakim, mwalimu mstaafu, mgane, mtu wa kanisani, ambaye naye anaufahamu sana upweke. Jioni ataniletea samaki. Yeye na wenzake wawili, kila mmoja na samaki wake.

Kwa mara ya kwanza katika safari hii, sina shaka yoyote.