Mwiko wa Emery na Barafu ya Fittja

Jumatano, 4 Februari

Aibu! Chama chetu cha hapa ughaibuni kimekula ugali wangu tangu kianzishwe, na leo Mueni, mwenyekiti wetu, ametangaza kwamba Jumapili atasonga Emery. Eti wangu una mabuja. Beverly, mke wangu wa ndoa, alipiga makofi. Siri ya Emery naijua: ni ule mwiko aliochongewa na marehemu baba yake kule Bukavu. Bila mwiko, hakuna Emery.

Alhamisi, 5 Februari

Mwiko ninao. Niliutoa jikoni pale kwenye ukumbi wa chama, nikauficha chini ya koti. Kuuchoma naogopa, king'ora cha moshi kitaamsha jengo zima. Kuutupa ziwani? Mti huelea. Nimewaza sana. Barafu! Ngumu kama jiwe, na jiwe huzama. Nimeulaza kwenye beseni la kuogea mtoto, lile lenye nakshi ya bata kwenye kitako, nikajaza maji, nikaliweka roshani. Baridi ifanye kazi.

Ijumaa, 6 Februari

Nimebeba bonge langu la barafu hadi ziwani Fittja, chini ya daraja, pale maji yasipoganda. Nikaomba dua fupi. Nikalitosa. Likazama! Kisha likaibuka. Nikalisukuma kwa fimbo, likarudi. Nikalisukuma kwa mguu. Uliozama ni mguu. Nimerudi nyumbani Vårby gård na kiatu kimoja.

Jumapili, 8 Februari

Emery alikataa kusonga, mwiko wa baba umepotea. Nikasonga mimi. Watu walikula wakisukuma mabuja pembeni ya sahani. Baadaye tukatembea kando ya ziwa, na pale ukingoni: bonge la barafu, angavu kama kioo, mwiko ndani, chapa ya bata juu. Hakim, mwalimu wa fizikia, akaeleza taratibu kwamba maji yakiganda hutanuka, kwa hiyo barafu ni nyepesi kuliko maji. Ile nyeupe, yenye mapovu ya hewa, ni nyepesi zaidi. Emery akapiga magoti, akalikumbatia bonge, akamlilia baba yake. Nami nililia, kweli kabisa. Beverly hakulia. Alikuwa akimtazama bata.

Jumatatu, 9 Februari

Emery amekuja. Beverly alishamweleza kila kitu. Nilijifungia bafuni, nikatolewa. Hakunigombeza. Alisema Jumapili ijayo tusonge pamoja, na kuonyesha ananiamini ameacha sufuria yake jikoni kwetu. Niliona haya hadi machozi.

Alipoondoka nikaikagua. Nene. Nzito. Kumbe siri haikuwa mwiko!

Safari hii barafu nyeupe, ile ya mapovu. Haionyeshi kitu ndani. Beverly amelificha beseni. Ndoo ipo.