Diski Moja Iliyobeba Ukoo Mzima

Jamani wenzangu, leo nimeaibika na mvi zangu hizi.

Mnaijua ile kompyuta kuukuu niliyouziwa hotelini Diani nilipostaafu. Asubuhi nikaamua kuitia Windows mpya. Ndani yake mlikuwa na orodha ya waalikwa wa harusi ya mjukuu wangu: majina mia nne, kutoka Waa mpaka Mkwiro. Dada yangu mkubwa, Mwanakombo, ndiye aliyeyakusanya nyumba kwa nyumba akayaandika daftarini. Mimi nikayapiga chapa. (Daftari nikawashia jiko. Nikamwambia kila mtu karatasi zimepitwa na wakati.)

Huku kwetu kumsahau jamaa ni kununua ugomvi wa maisha. Kwa hiyo nilijihadhari! Kabla ya kufuta chochote, nikaikokota ile alama ya orodha iliyo kwenye kioo, nikaitia kwenye diski. Sekunde mbili, tayari. (Majina mia nne kwa sekunde mbili! Wala sikushtuka.) Nikafuta kompyuta nzima, nikaweka Windows mpya. Ikang'ara kama kanga ya Idi.

Alasiri shemeji zangu watano wakaja kugawana mitaa ya kualika. Wakakaa mkekani, Mwanakombo katikati. Nikavaa miwani, nikatia diski, nikabonyeza.

Kompyuta ikasema inatafuta faili. Ikatafuta. Ikakata tamaa.

Nikampigia simu fundi wa Ukunda.

"Mzee, hukunakili orodha," akasema. "Ulinakili kibao cha kuonyesha nyumba ilipo. Nyumba yenyewe umeibomoa."

Mwanakombo akaniangalia. "Bakari, majina yako wapi?"

"Yamefutika, dada. Kosa ni langu."

"Si neno. Nipe daftari langu."

Nikatazama jiko. Wote wakatazama jiko.

"Yarabi!" shemeji mmoja akapiga kofi. "Kumbe shangazi Mwanaisha umemfanya kuni za chai!"

Wakacheka mpaka mmoja akalala kwenye mkeka. Mwanakombo hakucheka.

"Shika kalamu," akaniamrisha. "Anza na jina lako. Usije ukajisahau na wewe."

Nikaandika mpaka adhana ya magharibi, kama mtoto wa darasa la kwanza, yeye akiyataja kwa kichwa, nyumba baada ya nyumba. Yamepatikana mia tatu tisini na mbili.

Basi, yeyote kati yenu asiyepata mwaliko kufikia Ijumaa, nawaombeni asinune wala asinicheke. Aje tu. Ila jina lake aje nalo kwenye karatasi.