Jinsi Assumani Alivyouteka Mchanga wa Tshopo

Sogeeni, watu wa Kisangani, mliokalia viti na mliokalia madumu. Punguzeni redio, wekeni glasi chini, mniazime masikio. Nimetembea sana, nimebeba visa vya wafalme na vya wezi, lakini kizito kama hiki cha Assumani bin Hamadi, Simba wa Mchanga, Mnusaji wa Vyuma, bado.

Shujaa huyu alikuwa na mashine: fimbo ndefu, sahani chini, na kisanduku kinacholia kila kinaponusa chuma. Mdogo wake alimwachia, aliporudi kutoka machimbo ya dhahabu bila dhahabu. Na babu yake alimsimulia kwamba zamani za Wabelgiji senti zilikuwa na tundu katikati, nyota ikilizunguka, watu wakazitunga kwa kamba kiunoni, na walipooga Tshopo kamba zilikatika, utajiri ukazama. Basi kila maji yalipopungua na mchanga ukatokea, Assumani alishuka vitani. Na kila jioni alirudi na mateka yale yale, vifuniko vya chupa za bia, mfuko mzima.

Lakini hakuna dola isiyotikisika. Siku moja fimbo ililegea, na Assumani, kwa mkono ule ule uliotetemesha ufuo, akafungua kishikio cha kifuniko cha sufuria ya mke wake, Zaina, akachomoa rondela, kile kiduara cha chuma kinachobana parafujo, akaifungia mashine. Asubuhi, Zaina akainua kifuniko: kishikio kikabaki mkononi, kifuniko kikazama ndani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, kama mtumbwi uliotoboka.

Zaina hakupiga kelele. Malkia wa kweli hapigi.

"Papa," akasema, "vifuniko vya bia nilivumilia. Sasa mashine inakula mu sufuria yangu. Leo unaniletea ile feza ya babu yako, moja tu. Kama hapana, mashine inaenda kwa watu wa kununua vyuma kwa kilo, na wewe mwenyewe utaibeba."

Assumani akaweka mkono kifuani. "Zaina, binti wa wavumilivu, mchanga ukininyima haki yangu, fimbo hii nitaivunja vipande viwili, Tshopo ikishuhudia."

"Usivunje. Nzima iko na bei."

Ilikuwa Jumapili, ufuo umejaa meza na muziki. Shujaa akapita katikati ya wanywaji kama jemadari anayekagua jeshi lisilo lake. Mashine ikalia: kifuniko. Ikalia: kifuniko. Ikalia kwa uchungu mkubwa: kijiko. Trésor, mbeba abiria kwa baiskeli, aliyeacha kazi ili atazame vita, akamshauri kwa heshima zote afungue depo ya bia, maana mali ilikwisha kuonekana iko wapi.

Jua likielekea kuchwa, karibu kabisa na maji, mashine ikaimba wimbo mwingine. Assumani akapiga magoti. Akachimba hadi kiwiko. Mto ukaleta vikosi vyake, shimo likajaa. Akachimba tena, likajaa tena. Kisha akatoa kitu cheusi, kidogo, cha duara, chenye tundu katikati, na hata wanywaji wakaacha glasi, wakasogea.

Trésor akakigeuzageuza. "Papa Assumani, pole. Iko rondelle. Ya kinga yangu, hii baiskeli, iko sawasawa hivi."

Ufuo mzima ukawa mahakama, na mahakama ikakubali. Assumani, aliyekuwa na hotuba hata ya kuomba chumvi, akaufunga mfuko wake wa vifuniko. Akapanda nyumbani, mashine begani kama maiti ya ndugu.

Zaina akakipokea kile kiduara bila maswali, maana rondela ndiyo aliyokosa. Akakisugua kwa majivu na ndimu, kwani kitu cheusi hakikaribii sombe yake. Weusi ukatoka, na chini yake ikatoka nyota, miale yake ikizunguka tundu.

Akamwita mumewe. "Papa, kuya uone."

Assumani akaona. Akavuta pumzi ya hotuba iliyongoja tangu babu yake.

"Discours utatoa kisha," Zaina akasema. "Sasa shika kifuniko."

Akaipitisha parafujo ndani ya nyota, akakaza. Kishikio kikasimama imara kama mlingoti.

Kesho yake Trésor akaalikwa chakula, akaambiwa afunue sufuria mwenyewe. Akashika kishikio, akaiona nyota, akainama kula. Nyuma ya mlango, ndani ya nyumba, mashine ililala kama askari mwenye nishani. Basi watu wa mto washuhudie, na wa reli ya Ubundu wapeleke habari: Tshopo ilishindwa, na sombe ya Zaina ikafunikwa.