Moto wa Zizi la Kioo

Jumatatu, tarehe 5 Agosti 2013

Nimepata! Nimepata! Marthe na televisheni yake akae chonjo.

Habari yenyewe ni hii. Pasta anakuja kutoka Minembwe, milimani Kongo, kwetu kabisa, tarehe kumi na saba. Atalala kwa Mkristo mmoja tu hapa Nakivale, kambini kwetu wakimbizi, na anayechagua nyumba ni Appolinaire, mzee wa kanisa. Pasta akilala kwako, unamuuliza habari za nyumbani mpaka ulimi wake uchoke. Akilala kwa mwingine, unapewa salamu za mlangoni. Mimi nina dada huko, Mukakalisa. Miaka kumi na tano sijui kama anakula au udongo unamla yeye. Kwa hiyo pasta ni wangu. Basi.

Lakini jirani yangu Marthe ana televisheni ya sola, na Appolinaire alishasema mgeni anahitaji fasi ya kupumzishia macho. Macho! Mimi nina ng'ombe wawili na mume mmoja. Hakuna hata mmoja wa kutazamwa.

Leo nilipeleka samli Makenke, kambi ya jeshi ya Mbarara, kwa Mackline, mke wa sajini. Bwana wake kahamishwa kaskazini, wanafunga vitu, na sanduku lao la kioo la samaki halipandi lori. Akaniambia, Kaaka, yaani bibi, chukua. Sanduku, na samaki watatu ndani! Sikungoja aseme mara ya pili.

Sisi wafugaji samaki hatumli wala hatumfugi. Lakini kufuga ni kufuga. Nimewapa majina ya ng'ombe kwa rangi zao: Gaju, Bihogo na Sine. Kayumba, mume wangu, ameuliza watakamuliwa saa ngapi. Nimempa ndoo akachote maji.

Jumatano, tarehe 7

Zizi bila malisho ni aibu. Nimekwenda ziwani, nimeng'oa majani yanayoota chini ya mafunjo, kule kwenye giza. Mapana, mazito, kijani cha kupendeza. Nimeyapanda kwenye mchanga ndani ya kioo. Mazuri mno!

Shida ni nyumba. Dirisha letu ni dogo kama sikio la mbuzi. Hakuna anayeona kitu. Lazima taa.

Nimempigia Mackline. Amesema majani yaliyozoea kivuli hayataki mwanga mwingi. Taa moja ndogo nyeupe ya sola, itundikwe juu kidogo ya maji, iwashwe asubuhi, izimwe jioni. Nikizidisha, maji yataota ute wa kijani na majani yataoza.

Mtoto wa juzi ananifundisha malisho! Mimi nilichunga kabla mama yake hajaota meno. Nani alishasikia majani yameuawa na mwanga? Jua nalo tulizime?

Ijumaa, tarehe 9

Mbarara, kuchagua taa. Nilizunguka maduka mpaka viatu vikalia.

Taa ndogo nyeupe niliiona. Jicho la paka mgonjwa! Niliirudisha. Ampuli, ile balbu ya njano, niliishika, ikaniunguza vidole: hiyo ingenipikia Sine. Nyekundu ni ya vifaranga. Ile ndefu ya kubandika darini inataka umeme wa mjini. Muuzaji alisema, Kaaka, chukua ile ndogo, wateja wote wa samaki wanachukua ile. Nikamuuliza wateja wake wana ng'ombe wangapi. Akageukia mteja mwingine.

Nilikwenda mpaka Ruti, kwa Twinomujuni, fundi wa pikipiki. Amenitolea taa ya mbele ya pikipiki. Aliiwasha mchana kweupe na mbwa aliyelala ukutani akaamka. Akasema, "Kaaka, hii inaonyesha mpaka ng'ambo ya bonde." Hii ndiyo!

Fundi aliuliza pikipiki yangu ni ya aina gani. Nikamwambia ya samaki.

Jumamosi, tarehe 10

Imewaka! Nimeifunga juu ya kioo kwa mpira wa baiskeli, nikaiunganisha na betri ya redio ya Kayumba. Nyumba nzima nyeupe! Gaju anang'aa kama shaba. Watu wamejaa mlangoni. Marthe naye amekuja, mikono kiunoni, akaniambia, "Mama Ishema, hawa samaki bako sawa na batu balisimamishwa na polisi barabarani." Wivu una harufu yake. Niliisikia.

Jioni Kayumba akataka nizime apate betri yake, asikilize habari. Nilimuuliza kama kwa baba yake walizima moto wa zizi. Anajua vizuri. Kwetu giza likiingia unawashia ng'ombe moto, na moto huo haufi mpaka kuche. Nyumba ambayo moto wa zizi umezimika ni nyumba ambayo ng'ombe wamekwisha. Taa hii ndiyo moto wa zizi hili. Haizimwi!

Kayumba amesema kwao ng'ombe hawakuwa wanaishi ndani ya maji. Mtu akizeeka anapenda kubishana.

Jumanne, tarehe 13

Malisho yanastawi! Asubuhi nimekuta kioo kimeota kijani pande zote, na maji yenyewe yana rangi. Siku tatu tu! Kule milimani tulingoja mvua miezi mitatu tupate kijani kama hiki.

Nimempigia Mackline nijisifu. Amepiga kelele. Zima, Kaaka! Funika na kitenge, mwaga nusu ya maji, weka mapya! Halafu simu ikakatika. Niliikata mimi.

Majani niliyopanda yameanza kuwa meusi kwenye ncha. Nadhani ni kukomaa.

Kayumba amebeba betri kwenda kuichajisha Base Camp, kambini penye umeme, mara ya pili wiki hii. Ameondoka akiimba wimbo wa mazishi.

Ijumaa, tarehe 16

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi.

Appolinaire amekuja kukagua. Nilikuwa nimefagia, nimetandika, nimepaka samli nywele. Taa inawaka. Akainama mbele ya kioo, akatazama sana, akaniuliza kwa heshima zote kama sombe hiyo, mboga ya majani ya muhogo, nimeshaitia chumvi.

Kayumba alitoka nje. Nilimsikia akichekea nyuma ya nyumba, mzee mzima.

Nikamwambia mzee wa kanisa kwamba ndani mna samaki watatu. Akangoja. Tukangoja wote. Mwishowe Bihogo akaja, akabandika mdomo kwenye kioo, akarudi kwenye kijani. Appolinaire akashukuru kwa maji ya kunywa. Akasema pasta atalala kwa Marthe.

Nimelia? Sikulia. Jiko lilikuwa na moshi.

Jumapili, tarehe 18

Lazima niandike yote!

Baada ya ibada pasta alizingirwa kwa Marthe. Watu kama nzi, kila mtu na ndugu yake wa kuuliziwa, televisheni inapayuka, hakuna anayesikia. Nikasema hapana. Nilipita katikati kwa viwiko, nikasimama mbele yake, nikamwambia maziwa yake yako kwangu, yamesubiri. Mfugaji hakatai maziwa, na maziwa hayamfuati mtu, mtu ndiye anayeyafuata. Akasimama papo hapo! Marthe alibaki na rimoti mkononi kama mjane.

Amekaa, amekunywa, halafu ameona taa. Mchana wa saa tisa, inawaka juu ya sombe. Akauliza ni nini. Nikasema ni moto wa zizi, na hauzimwi, na yeyote asiyependa aondoke.

Pasta alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema kule Minembwe kuna bibi mmoja ambaye ng'ombe wake waliibiwa wote vitani, na bado kila jioni anawasha moto wa zizi. Zizi tupu! Yeye pasta alipita pale, akamwaga masalia ya chai pembeni, moto ukafuka kidogo, na yule bibi akamtukana mbele ya waumini, yeye na kanisa lake na mama aliyemlea.

Nikasema, ndiye! Hata sikuuliza jina. Nikasema, ni mrefu, ana kovu kwenye nyusi, anapiga kelele kama bata? Pasta akasema, ndiye, Mukakalisa. Yuko hai. Miguu inamuuma. Mdomo hauumi hata kidogo.

Kayumba alinishika mkono. Nilimwacha aushike.

Pasta amekaa kwangu mpaka watu wa Marthe wakaja kumchukua kwa chakula. Nimempa salamu za kumpelekea dada, ndefu, na matusi mawili ya kurudisha.

Jumatatu, tarehe 19

Marthe amekuja asubuhi na mapema. Anataka naye kufuga samaki! Anaomba nimfundishe. Nimemkalisha chini kama mwanafunzi. Nimemwambia taa ni kitu cha kwanza: kubwa, karibu na maji, mchana na usiku. Akiona kijani ajue mifugo imeshiba. Ameuliza mbona majani yangu yameoza. Nimemwambia yameliwa.

Mackline amepiga tena kuuliza. Maskini, ana roho nzuri, lakini malisho hayajui.

Tatizo ni moja tu. Kijani kimekuwa kizito mno, mwanga haufiki chini, Gaju na Sine sijawaona tangu juzi. Nimefikiri asubuhi nzima, na dawa nimeipata: taa ya pili.