Kiti Kitupu cha Paora

Siku Lester Gadsby alipoliona tangazo, alikuwa kwenye duka la kufulia nguo mjini Hastings, akisubiri suruali yake pekee ya heshima ikauke. Lilibandikwa juu ya mashine ya tatu, ile inayotetemeka. Lilisema kuna mfuko wa utafiti kwa wasomi chipukizi wa Kimaori, wenyeji wa asili wa huko, wa lugha, historia na sanaa: mshahara wa miaka miwili, nafasi moja.

Lester alilisoma mara mbili, taratibu, kama barua ya posa. Shahada ya udaktari alikuwa nayo. Rafiki yake wa Hamilton alimchapishia, tena kwenye karatasi nzito. Ufasaha alikuwa nao wa kugawa. Alichopungukiwa ni kitu kimoja kidogo tu: mababu.

Akaenda kuwatafuta maktaba. Katika kitabu cha ukoo mmoja wa pwani akamkuta Paora, mtoto wa mwisho kati ya wanne, aliyepanda meli ya kuwinda nyangumi. Baada ya hapo kitabu kilinyamaza. Mke hakuandikwa, mtoto hakuandikwa. Lester akakiona kiti kitupu, akakikalia.

Fomu ilitaka barua ya ukoo, na ukoo ulitoa barua moja tu kwa mwaka. Kwa hiyo Jumamosi akaenda marae, kwenye nyumba yao ya mikutano. Mwenyekiti, Shangazi Pirihira, alikuwa jikoni anamenya viazi vitamu.

"Uzao wa Paora," alisema Shangazi Lester alipojitambulisha, maganda yakiendelea kudondoka. "Miaka yote hii. Umekula?"

"Nimekula, Shangazi, ila nyumbani mtu hasemi ameshiba."

"Unaongea vizuri wewe. Chukua kisu."

Akamenya. Kando yake alikaa Mereana, binti wa kaka yake Shangazi, mwenye miaka ishirini na tisa na udaktari wa kweli. Mereana alikuwa akikusanya nyimbo za maombolezo za bibi zao. Wanaozijua walibaki watatu, na aliyezijua zaidi alikuwa na miaka tisini na mbili. Mara mbili ameomba mfuko ule, mara mbili amenyimwa. Akikosa mwaka huu, anakwenda kufungasha matofaa kiwandani, na nyimbo zitazikwa na wenyewe.

"Fomu zangu kavu," alisema Mereana. "Nikiandika, ni kama nimetumwa dukani."

Lester akamwonea huruma, kwa namna yake. "Niazime daftari zako, mdogo wangu. Hata mimi naandika juu ya nyimbo hizo hizo." Wazo lilikuwa na umri wa dakika moja.

Mereana akamtazama shangazi yake. Shangazi akatazama kiazi.

"Mpe," alisema.

Wiki mbili Lester aliandika. Haki yake apewe: zilikuwa kurasa kumi na nane, na kila sentensi ilibisha hodi kabla ya kuingia. Kwenye ukurasa wa saba alitokwa na chozi, akajikasirikia.

Jumapili baada ya ibada ukoo ukakutana. Shangazi Pirihira akavaa miwani, akasoma kurasa zote kwa sauti. Hata waliokuwa wakitafuna waliacha.

"Tumekupokea," alisema. "Leo unaingia kitabuni. Weka saini hapa, chini ya Paora."

Akaweka, kwa mapambo.

"Basi. Paora alikuwa wa mwisho kuzaliwa. Mereana ametoka kwa Rahera, wa kwanza. Kwa hiyo Mereana ni dada yako mkubwa."

"Shangazi, mimi nina arobaini na moja."

"Hapa hatuhesabu miaka, tunahesabu milango. Mlango mdogo hauombi mbele ya mlango mkubwa. Barua ni ya Mereana, na maombi yatakwenda kwa jina lake."

"Lakini nimeyaandika mimi."

"Yaliyomo yametoka kwenye daftari zake. Wewe umeyachana nywele tu. Au wewe si wa Paora? Sema, mwanangu, hatukasiriki. Tamihana pale mlangoni ni polisi, atakuandikia maelezo. Ana mwandiko mzuri."

Lester akamtazama Tamihana. Tamihana akampungia mkono.

"Mimi ni wa Paora," alisema Lester.

"Asante, mdogo wangu," alisema Mereana, akazikusanya kurasa.

Mereana alipata, tuseme mapema watu wasikae roho juu. Lakini mchana ule Lester aliwaza basi la saa kumi tu, na hata hilo lilimpita, kwa sababu mlango mdogo ndio unaoosha masufuria. Shangazi alikuja na kitambaa, akasimama kando yake kukausha.

"Paora meli ilimrudisha wiki ile ile aliyoondoka, na homa," alisema. "Amelala nyuma ya kanisa. Alikuwa na miaka kumi na mbili."

Lester alisugua sufuria moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Paa la jiko hili linavuja," Shangazi akaendelea, akinyoosha mkono apewe sufuria. "Kuna mfuko wa majengo ya kale. Unafungwa mwisho wa mwezi."

Lester akampa sufuria. Akatazama dari, pale palipooza.

"Wanataka kurasa ngapi?"